Dhana potofu kuhusu pesa, na hesabu zinazozikanusha

"Nitaanza kuweka akiba kipato kikiongezeka."

Hii ndiyo sugu kuliko zote, maana inasikika kama busara. Lakini matumizi hupanda na kipato, tena mara nyingi huyatangulia malipo yenyewe: mtu akisikia tu kwamba ataongezwa mshahara, ameshaugawa wote kichwani.

Wachumi Richard Thaler na Shlomo Benartzi waliutumia udhaifu huohuo. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2004, wafanyakazi wa kampuni moja Marekani walikubali mapema kwamba kila watakapoongezwa mshahara, sehemu ya nyongeza iende moja kwa moja kwenye akiba ya uzeeni. Hawakuombwa wajinyime chochote siku hiyo. Baada ya miezi 40, waliojiunga walikuwa wametoka kwenye akiba ya asilimia 3.5 ya mshahara hadi 13.6. Uamuzi ulipita kabla pesa haijashikwa, basi.

"Nitaweka kitakachobaki."

Hakibaki. Itoe akiba siku pesa inapoingia, uiweke mbali na pesa ya matumizi. Kama kipato chako hakitabiriki, tenga asilimia ya kila kinachoingia badala ya kujipangia kiasi kimoja cha kila mwezi ambacho mwezi mbaya utakishindwa.

"Riba ya asilimia 10 ni ndogo."

Ya muda gani? Kama ni ya kila mwezi, na riba isiyolipwa inaongezwa kwenye deni, mkopo wa 1,000 usioguswa hufika takriban 3,138 ndani ya mwaka.

Halafu uliza riba inapigwa juu ya nini. Tuseme umekopa 1,200 kwa mwaka mmoja, riba asilimia 12 ya mkopo wa awali. Riba ni 144, kwa hiyo kila mwezi unalipa 112. Inaonekana haki kabisa. Ila zile 1,200 hukukaa nazo mwaka mzima: kila mwezi ulirudisha 100, hivyo kwa wastani ulikuwa unadaiwa 650 tu. Pima 144 kwa 650, utaona unalipa karibu asilimia 22. Na hapo ada za kushughulikia mkopo bado hazijaguswa. Riba ingehesabiwa juu ya salio linalopungua, asilimia 12 ileile ingekugharimu takriban nusu ya hiyo 144. Kabla ya kutia sahihi, uliza jumla utakayorudisha na namna riba inavyokokotolewa. Mkopeshaji akianza kuzungukazunguka, umeshajibiwa.

Ukiwa na madeni kadhaa, pesa ya ziada ipeleke kwenye lenye riba kubwa zaidi. Wapo wanaoanza na deni dogo ili wapate moyo. Ni njia ghali zaidi, ingawa ni nafuu kuliko kukata tamaa.

"Pesa niliyoificha haipungui."

Noti hazipungui, thamani yake ndiyo hupungua. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 6 kwa mwaka, baada ya miaka 12 hivi zitanunua nusu tu ya zinachonunua leo. Taslimu iwe ya dharura ya haraka.

"Tabia mpya hujengwa kwa siku 21."

Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliojaribu kujenga tabia ya kila siku ya kula, kunywa au kufanya mazoezi. Kwa makadirio yao, ilichukua kati ya siku 18 na 254, kiwango cha katikati kikiwa 66. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kwa upande wa pesa siku 21 hazina maana kabisa, kwa sababu anayelipwa kila mwezi anaweza kuzimaliza bila kuiona siku ya mshahara hata mara moja. Ndiyo maana ni vyema kuandika matumizi kila jioni, tabia inayorudiwa vya kutosha hadi ishike, na uhamisho wa akiba kuuachia maagizo ya kudumu ya benki. Ukisahau jioni mbili, endelea na ya tatu. Hakuna haja ya kusubiri mwezi mpya.