Kuvu wa baharini wapo, na wametupa dawa

Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba maji ya chumvi huua kila kitu, hivyo baharini hakuoti kuvu, na dawa zitokanazo na kuvu hutoka kwenye mkate ulioota ukungu tu. Si kweli. Pasua kigogo cha mkoko kilicholala topeni: vidoa vyeusi vidogo kama vichwa vya pini mara nyingi ni kuvu waliokwisha kuizoea chumvi.

Mwaka 1945, mwanasayansi Mwitalia Giuseppe Brotzu alichota maji ya bahari karibu na bomba la majitaka mjini Cagliari, katika kisiwa cha Sardinia, akapata humo kuvu aliyezuia bakteria wa homa ya matumbo. Huenda kuvu huyo aliletwa na majitaka kutoka nchi kavu, lakini chumvi haikumwua. Huko Oxford, Uingereza, wanasayansi Edward Abraham na Guy Newton walitoa ndani yake sefalosporini C, kiuabakteria ambacho hakivunjwi kirahisi na kimeng'enya cha bakteria kinachoharibu penisilini. Seftriaksoni, sindano inayojulikana sana hospitalini kwetu, ni ya ukoo huo.

Utafutaji wa dawa kama hizi unataka subira. Kipande cha mkoko huoteshwa kwenye jeli iliyotengenezwa kwa maji ya bahari. Kuvu akishakua, dondoo lake hutiwa kwenye kikaratasi cha duara, nacho huwekwa juu ya bakteria. Pete safi isiyo na bakteria ikijitokeza pembeni, kuna kitu kinachowazuia. Mara nyingi, kwa bahati mbaya, ni kitu kilichokwisha kujulikana, na kazi huanza upya kwa kigogo kingine.