Kupima dawa si lazima kwa kemikali kali

Moshi na Arusha utasikia, kuanzia kwa wauza dawa hadi kwa wanafunzi wa maabara, kwamba usafi wa dawa haupimwi bila kemikali kali. Mbinu rafiki kwa mazingira eti ni za kubana matumizi tu, majibu yake hayaaminiki. Si kweli. Mbinu huaminika kwa uhakiki: je, inatenganisha dawa na uchafu wake, inarudia jibu lile lile, inaona hata kiasi kidogo? Ukali wa kemikali haumo.

Tuchukue kromatografia ya kimiminika. Pampu husukuma kimiminika kupitia safu, yaani bomba jembamba la chuma lililoshindiliwa chembechembe laini. Dawa na uchafu wake hutoka kwa zamu, na kigunduzi huchora kilele kwa kila kimoja. Kimiminika kilichozoeleka ni asetonitrili, ambayo mwilini huzalisha sayanidi. Kwa mwendo wa mililita 1 kwa dakika, mashine ikikesha saa 24 inaacha lita 1.44 za taka. Zinamwagwa wapi? Swali hilo halipendwi.

Ethanoli, inayoweza kutengenezwa kwa molasi ya miwa kama ile ya kiwanda cha sukari cha TPC, kusini mwa mji wa Moshi, hufanya kazi hiyo ya asetonitrili kwa dawa nyingi. Kasoro inazo. Ikichanganywa na maji huwa nzito, shinikizo likapanda. Ili kulishusha, mafundi hupasha safu joto, tuseme nyuzi 40 au 50. Pia ethanoli hufyonza mwanga wa urujuanimno, ambao kigunduzi hutumia kuiona dawa, chini ya takriban nanomita 210, wakati asetonitrili huupitisha hadi karibu 190, hivyo baadhi ya dawa bado zitaidai asetonitrili.