Gari linavuma nyuma: tunayoambiwa gereji na ukweli wenyewe

Kutoka Kampala hadi Busia ni kama kilomita 200, na mwaka jana nilizimaliza zote nikiwa na mvumo mgongoni. Ulianza tulipopita Mukono, mshale ulipogusa 60. Ukafika 80 ukawa mnene, redio ikamezwa. Nikipunguza mwendo hadi 40 ulikufa kabisa, kana kwamba haukuwapo. Mtoto akauliza, "Baba, mbona gari linalia?" Sikuwa na jibu.

Niliporudi nilipita gereji tatu nikapewa majibu matatu: difu (sanduku la meno linalogawa nguvu ya injini kwa magurudumu), beringi ya kulia (pete ya gololi ambayo gurudumu huzungukia), na "tembea tu, halitakufanya kitu." Nililipia lile la pili. Kelele ikabaki palepale.

Tangu siku hizo nimesoma na kujifunza kwa mikono yangu, na jambo ninalotaka kila mwenye gari alijue kabla hajatoa shilingi moja ni hili: kelele huulizwa kwanza inafuata nini. Je, inafuata mwendo wa gari, mzunguko wa injini, mguu kwenye mafuta, kona, au aina ya lami? Ukishajua inachofuata, mahali pake panabaki pachache sana pa kutafuta.

Dhana: Kelele ikitoka nyuma, ni difu

"Mzee, hiyo ni difu," makanika aliniambia kabla hajainama. Angeinama angeona kwamba gari langu halina difu nyuma. Magari madogo mengi tunayonunua yakiwa yametumika Japani, kama Premio, Allion na Wish, huvutwa na magurudumu ya mbele, isipokuwa yale ya foowili, yanayoendeshwa na magurudumu yote manne. Difu yao imo kwenye giaboksi, mbele kabisa. Hiace za teksi na Mark II husukumwa na magurudumu ya nyuma. Noah huwachanganya wengi: zile za miaka ya 1990 zilisukumwa nyuma, zile zilizotoka kuanzia 2001 zinavutwa mbele. Jina ni moja, lakini chini ni magari mawili tofauti. Kuhakikisha ni kazi ya dakika moja. Chungulia chini: kama hakuna propela, lile bomba refu linalotoka kwenye giaboksi kwenda nyuma, hakuna difu ya nyuma ya kulaumiwa.

Gari lenye difu nyuma ni habari nyingine, na difu ina tabia yake. Hufuata mguu wako. Ukikanyaga mafuta inavuma, ukiachia inanyamaza, au inafanya kinyume chake. Sababu ni kwamba ukikanyaga, meno yake hushikana kwa upande mmoja, na ukiachia hushikana kwa upande wa pili. Upande ulioliwa ndio unaopiga kelele. Beringi ya gurudumu haijali sana mguu wako uko wapi. Ikivuma kwenye 80 ukiwa umekanyaga, itavuma kwenye 80 ukiwa umeachia.

Na kama difu ndiyo yenye kosa, kataa ushauri wa kutia oili nzito kupita kiasi, na kataa kabisa ile hila kongwe ya vumbi la mbao au ndizi ndani ya difu. Kelele hupungua kwa muda, chuma kinaendelea kusagika. Ukinunua gari la mkononi na difu yake iko kimya, fungua nati ya oili utie kidole. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa imeingiwa na maji, jambo la kawaida kwa gari lililopita kwenye mafuriko ya mjini. Ile inayometameta ina unga wa chuma.

Dhana: Unaposikia kelele ndipo ilipo

Mwili wa gari ni ngoma. Chuma kinachotetemeka kwenye gurudumu la mbele hupeleka sauti sakafuni hadi kwenye buti, na buti tupu huikuza. Kwenye gari lisilo na ukuta kati ya buti na viti, karibu kila kitu husikika kama kiko nyuma. Mwombe mtu akae kiti cha nyuma asikilize, ni vizuri, lakini neno lake lisiwe hukumu. Mke wangu aliapa kwamba kelele ilikuwa kulia. Mimi pia nilisikia kulia. Sote wawili tulikosea.

Dhana: Kona ya kulia ikizidisha kelele, beringi ya kulia ndiyo mbovu

Hapa ndipo pesa yangu ilipopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukikata kona kwenda kulia, uzito wa gari hulalia kushoto. Abiria wa teksi anajua hilo bila kufundishwa: dereva akikunja kulia, anamwegemea jirani wa kushoto. Magurudumu ya kushoto ndiyo yanayobeba mzigo ulioongezeka, na beringi mbovu hulia zaidi ikibebeshwa. Kwa hiyo mvumo unaozidi ukikunja kulia huelekeza kushoto, na unaozidi ukikunja kushoto huelekeza kulia.

Kipimo hiki hakihitaji fujo. Tafuta kona ndefu, kama zile za barabara ya Jinja ndani ya msitu wa Mabira, uzipite kwa mwendo wako wa kawaida na dirisha likiwa limefungwa. Usiyumbishe usukani huku na kule kwenye barabara yenye malori. Na hata jibu likiwa wazi, lichukulie kama ushahidi mmoja tu, kwani beringi nyingi za siku hizi zina safu mbili za gololi na mara chache hulia kinyume na matarajio.

Dhana: Beringi mbovu lazima tairi licheze

Makanika huinua gari kwa jeki, hushika tairi juu na chini, hulisukuma na kulivuta, kisha husema, "Beringi ni nzima." Hapana. Beringi huanza kuvuma mapema, pale njia ya gololi inapochimbika au grisi inapoisha, na huweza kuvuma kwa muda mrefu kabla haijaanza kucheza. Ikifika hatua ya kucheza, imeshachelewa.

Kipimo bora ni vidole. Gari likiwa juu ya stendi, magurudumu mengine yakiwa yamezuiwa kwa mawe na breki ya mkono ikiwa imeachiwa, weka vidole kwenye springi ya gurudumu hilo na ulizungushe polepole kwa mkono mwingine. Springi huupeleka mtetemo hadi kwenye ngozi. Beringi nzima huhisi kama maji. Mbovu huhisi kama kuna mchanga ndani. Linganisha kushoto na kulia, maana mkono hauna kumbukumbu nzuri bila kitu cha kulinganisha.

Njia nyingine ni joto. Baada ya safari ya kama kilomita 20 ambayo hukufunga breki sana, sogeza kiganja karibu na katikati ya rimu moja, kisha nyingine, bila kugusa. Tofauti kubwa inamaanisha beringi, au breki inayobana.

Dhana: Tairi lenye meno haliwezi kuvuma

Kama ningelazimika kuchagua mshukiwa wa kwanza wa mvumo unaofuata mwendo, ningechagua tairi, na ningelichagua kila mara hadi lijitetee. Urefu wa meno hausemi kitu. Kinachopiga kelele ni meno yaliyoliwa kwa mabonde na milima, au kwa ukingo mmoja mkali na mwingine mviringo. Pitisha kiganja juu ya tairi kuelekea mbele, kisha kurudi nyuma. Kama upande mmoja ni laini na upande mwingine unakwaruza kama msumeno, mvumo wako umeupata. Shokapu zilizochoka ndizo huacha tairi lidunde na kuliwa hivyo, na kwa mashimo na matuta tunayopita kila siku, shokapu huchoka mapema.

Tairi hufuata barabara, na hiyo ndiyo alama yake. Kwenye lami laini ya Entebbe Expressway, iliyofunguliwa 2018, lina sauti moja. Ukitoka kuingia lami ya zamani yenye kokoto, kwa mwendo uleule, sauti inageuka. Beringi hubaki na wimbo wake ule ule juu ya lami yoyote.

Kuna mtego mmoja hapa. Watu huhamisha matairi ya mbele kwenda nyuma ili yaliwe sawasawa, jambo zuri. Kisha wiki hiyo hiyo kelele "inaanza" nyuma, na gereji inafungua breki na beringi bure. Kelele haikuanza, ilihama. Tumia mtego huo kama kipimo: hamisha matairi mbele na nyuma kwa makusudi, na kama sauti inahama nayo, mwenye kosa umemshika.

Angalia pia umri wa tairi. Namba nne za mwisho za msimbo wa DOT kwenye ukuta wake ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Matairi yaliyotumika yanayouzwa mitaani mara nyingi yana meno mazuri na mpira uliokauka.

Dhana: Zima injini kwenye mteremko usikie vizuri

Nimesikia hili kwa masikio yangu, na linaua. Ukizima, breki hupoteza nguvu ya kuisaidia, na ukivuta ufunguo usukani waweza kujifunga. Lengo la kipimo ni zuri, njia ndiyo mbaya. Fanya hivi: gari likiwa limesimama, kanyaga injini hadi mzunguko wa 3,000. Kama mvumo hausikiki, injini si mshukiwa mkuu. Kisha, kwenye barabara tambarare isiyo na watu, tia nyutro kwa sekunde chache injini ikiwa inaendelea kuzunguka. Mvumo ukiendelea na kushuka pamoja na mwendo, unatoka kwenye vitu vinavyozunguka na magurudumu.

Kama ni kugonga badala ya kuvuma, hesabu mapigo. Tairi la 195/65 R15 lina mzingo wa karibu mita 2. Kwenye kilomita 20 kwa saa huzunguka karibu mara 3 kwa sekunde, na sikio laweza kufuata: gu, gu, gu. Propela huzunguka karibu mara 4 kila gurudumu linapozunguka mara 1, kwa hiyo krosi mbovu, kiungo cha propela kinachojikunja, hugonga upesi zaidi ya hapo.

Dhana: Weka jeki, tia gia, tukanyage tusikie

Usikubali. Tairi moja linalosukumwa likiwa hewani huzunguka kwa mwendo maradufu ya ule unaoonyeshwa na mshale, na gari la foowili laweza kuruka kutoka kwenye jeki. Zungusha kwa mkono.

Dhana: Kila mkwaruzo ni beringi

Ukitoka kwenye barabara ya vumbi, kokoto moja kati ya diski ya breki na bati lake la kinga yaweza kupiga ukelele wa kutisha. Na udongo mwekundu uliokauka ndani ya rimu hulitikisa gari kwenye 80 kana kwamba kuna kitu kimevunjika. Osha kwanza.

Dhana: Beringi ni mpya, kwa hiyo si yenyewe

Kwenye magari ambayo beringi hushindiliwa, nyundo huiua kabla gari halijaondoka. Ukigonga ringi ya ndani ili uingize ile ya nje, nguvu yote hupita kwenye gololi, nazo huacha vishimo kwenye njia zao. Dai mashine ya kushindilia. Na kama beringi ina ukanda wa sumaku wa ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, ikiwekwa kinyume taa ya ABS itawaka. Unaponunua spea Kisekka au Ndeeba, kwenye masoko ya spea ya Kampala, dai kuiona ya zamani na mpya zikiwa pamoja mezani.

Kuhusu "halitakufanya kitu": beringi iliyofika mwisho huweza kujifunga au kuliachia gurudumu, na hilo hutokea kwenye mwendo, si kwenye maegesho.

Kwangu, kona za Mabira zilizidisha mvumo kila nilipokunja kulia. Niliinua gari, nikaweka vidole kwenye springi ya kushoto, nikahisi mchanga. Habu ya kushoto, kitovu cha gurudumu pamoja na beringi yake, ikabadilishwa asubuhi moja, na jioni nilipita Mukono kwa 80 nikisikia redio. Ile ya kulia niliyoitoa mwanzo ninayo bado nyumbani. Ukiizungusha, inazunguka kama maji.