Je, wajua kwa nini moto wa chumba kimoja ulizima huduma za serikali Korea Kusini?

Ijumaa usiku, Septemba 26, 2025, mafundi walikuwa wakihamisha betri katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon, Korea Kusini. Ni betri za lithiamu, zile zinazoshikilia umeme ukikatika mpaka jenereta iwake, na zilikuwa ghorofa ya tano, chumba kimoja na seva, yaani kompyuta zinazoendesha huduma na kuhifadhi data. Zilikuwa zikipelekwa chini kabisa ya jengo kwa ajili ya usalama, ili siku zikishika moto zisiondoke na seva. Moto ukatokea katikati ya kazi hiyohiyo.

Moto wa lithiamu ni msumbufu. Seli moja ikizidiwa na joto huipasha jirani yake, na jirani huipasha inayofuata, kwa hiyo ukiuzima huku unaibukia kule. Dawa yake ni maji mengi, na hakuna mwenye seva anayetaka kuona maji yakimwagwa karibu nazo. Zimamoto walihangaika kwa takriban saa 22.

Kufikia hapo, kwa hesabu ya awali ya serikali, mifumo yake 647 haikuwa hewani. Cha kushangaza, iliyoguswa na moto wenyewe ilikuwa 96 tu. Ile mingine 551 ilizimwa na wahusika kwa mikono yao, kwa sababu mitambo ya kupoza hewa ilikuwa imekufa, na seva isiyopozwa hujiunguza yenyewe. Vitambulisho vya kwenye simu vikagoma, huduma za posta na za benki yake zikasimama, tena siku chache kabla ya sikukuu ya Chuseok, ambapo Wakorea hutumiana vifurushi kwa wingi. Hata mfumo wa kuweka nafasi ya kuchoma maiti ulizima, familia zilizofiwa zikawa zinalazimika kuwasiliana na tanuri mojamoja kuulizia nafasi.

Sasa, kwa nini jengo jingine halikupokea kazi palepale?

Kila mfumo wa serikali unatakiwa uwe na majibu ya maswali mawili. La kwanza: huduma hii inaweza kusimama kwa muda gani kabla watu hawajaumia? La pili: ikirudi, tuko radhi kupoteza kazi ya muda gani? Simu za dharura haziwezi kukaa hata dakika chache. Tovuti ya takwimu za mwaka inaweza kulala siku tatu na asijue mtu. Nakala inayochukuliwa kila usiku inalijibu swali la pili kwa kiasi: utapoteza kazi ya leo, ya jana ipo. Swali la kwanza hailigusi kabisa. Ukiwa na nakala peke yake bado unahitaji seva za kuiweka, mtandao wa kuziunganisha na mafundi wanaojua nini kianze na nini kifuate, maana mfumo wa malipo hauwaki kabla ya mfumo wa utambulisho.

Kuwa na seva pacha mahali pengine, zikiwaka muda wote na kunakili kila muamala, ni gharama kubwa: umeme, leseni, watu. Na kwenye kikao cha bajeti, mashine inayokaa kusubiri janga huonekana anasa, kwa hiyo hukatwa mapema. Korea ilikuwa imejenga kituo kingine cha data mjini Gongju kwa ajili ya dharura kama hii. Jengo lilikuwepo; kazi ilikuwa haijaanza kikamilifu. Mwaka 2022, moto wa kituo kingine cha data ulipoangusha huduma za Kakao, kampuni ya huduma za mtandaoni, maofisa walisema mifumo ya serikali ingerejea ndani ya saa tatu. Ilipofika zamu yao, urejeshaji ulichukua wiki kadhaa.

Hasara chungu kuliko zote ilikuwa hifadhi ya pamoja iliyoitwa G-Drive. Watumishi walielekezwa wahifadhi nyaraka zao humo badala ya kwenye kompyuta zao, kila mmoja akiwa na nafasi ya gigabaiti 30. Zikateketea terabaiti 858 za data (terabaiti moja ni kama gigabaiti elfu moja), bila nakala nje ya jengo. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba hifadhi hiyo ilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Kwangu mimi maelezo hayo yamekaa kichwa chini: ukishamwamuru mtumishi asibaki na nakala yake, wajibu wa kuwa na nakala umeuhamishia kwako. Hati zilizokwisha kuidhinishwa zilikuwa na mfumo wake tofauti, kwa hiyo zilizopotea zaidi ni rasimu na kumbukumbu za kazi za kila siku.

Indonesia ilipitia yake Juni 2024, bila moto. Wadukuzi walifunga data katika kituo cha taifa cha muda kilichoko Surabaya, wakadai dola milioni 8, na foleni za uhamiaji zikajaa viwanja vya ndege. Ndipo bunge likaambiwa kwamba asilimia 98 ya data ya kituo hicho haikuwa na nakala. Kunakili kulikuwa hiari ya kila taasisi, na kwa hiari hiyo nyingi zilichagua kuokoa pesa. Serikali ilikataa kulipa. Wadukuzi wenyewe, kwa sababu zao, wakatoa ufunguo bure.

Estonia, nchi yenye watu takriban milioni 1.4, iliona mbali kidogo. Mashambulizi ya mtandaoni ya mwaka 2007 yaliitikisa, na gazeti lake rasmi la sheria siku hizi linatoka kwa njia ya kielektroniki tu, hivyo kupoteza seva kungekuwa kupoteza sheria zenyewe. Mwaka 2017 ilisaini mkataba na Luxembourg wa kuweka huko seva zenye nakala za rejista zake muhimu: ardhi, watu, kampuni, pensheni. Chumba chenyewe kina kinga inayofanana na ya ubalozi, maofisa wa Luxembourg hawaingii bila ruhusa ya Estonia, ingawa hakuna balozi wala kaunta ya viza ndani yake.