SMG ambayo si SMG, na mengine ya kijiweni kuhusu bunduki

Kijiwe chetu cha kahawa pale Magomeni kina desturi moja: gazeti likifika, habari ya polisi husomwa kwa sauti. "Majambazi watatu wamekamatwa wakiwa na bunduki moja aina ya SMG, bastola moja aina ya Browning, shotigani moja ya pampu. Maganda matano ya risasi yameokotwa." Watu wanatikisa vichwa kama walioelewa. Mimi nimetikisa kichwa miaka mingi, hadi siku mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu anayekunywa kahawa yake bila kashata, aliponigeukia: "Mwanangu, SMG ni nini?" Nikamwambia ni bunduki ya kijeshi. "Na SAR?" Nikanyamaza.

Mzee hakunipa orodha ya majina. Alinipa swali: risasi ya kwanza ikishatoka, nani anaiweka ya pili kwenye chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi kabla ya kulia, mkono wako au bunduki yenyewe? Ukilijibu hilo umeshajua mtambo wa bunduki ni wa namna gani. Rangi yake na ukali wa sura yake havikuambii kitu.

"Ile ya magazini ya ndizi ni SMG"

Hii ndiyo iliyotukaa zaidi Watanzania. Silaha ambayo taarifa nyingi za polisi huiita SMG ni ile ambayo dunia inaijua kama Kalashnikov au AK-47, yenye magazini iliyopinda inayobeba risasi 30. Majirani zetu wa Msumbiji wameichora hadi kwenye bendera yao ya taifa. Sasa, herufi SMG kwa Kiingereza ni kifupi cha submachine gun, bunduki rashasha ndogo, ile inayomwaga risasi za bastola. Thompson ya Marekani, Sten ya Uingereza na Uzi ya Israeli ndizo SMG kwa maana hiyo. Kalashnikov haimo. Risasi yake ina kipenyo cha milimita 7.62 na ganda la milimita 39, nayo ni risasi ya katikati: ina nguvu kuliko ya bastola, na ni fupi kuliko ya raifo kamili za zamani. Inatoka mtutuni kwa mwendo wa mita 700 hivi kwa sekunde, karibu mara mbili ya risasi ya kawaida ya bastola ya milimita 9.

Basi jina hilo tulilitoa wapi? Tazama upande wa China. Walipoanza kutengeneza nakala yao ya Kalashnikov mwaka 1956, waliiandikisha kama bunduki rashasha ndogo ya mfano wa 56. Nakala yao ya SKS, bunduki ya Mrusi Simonov, wakaiandikisha kama raifo ya nusu otomatiki, nayo ya mfano wa 56 vilevile. JWTZ iliundwa Septemba 1964, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya silaha na mafunzo yake ilitoka China. Yatie majina hayo mawili ya Wachina kwenye Kiingereza, submachine gun na semi-automatic rifle, yafupishe, utapata SMG na SAR. Sioni asili nyingine. Askari wetu hawakubuni kitu. Walilishika jina kama bidhaa ilivyokuja nalo, na waandishi wa habari wakalipokea kwao.

Kwa hiyo ukisoma SMG gazetini, elewa Kalashnikov au ndugu yake, na ukisoma SAR, elewa SKS. Risasi wanakula ileile. Tofauti yao ni kwamba SAR hutoa risasi moja kila unapovuta kifyatulio, na SMG inaweza kupigwa moja moja au mfululizo. Zote mbili hujilisha zenyewe: sehemu ya gesi ya baruti iliyoungua inapenya kwenye tundu mtutuni, inasukuma pistoni nyuma, ganda tupu linarushwa nje na risasi mpya inaingia.

Hapo hapo kuna hesabu inayoua hadithi nyingi za kijiweni. Kalashnikov ikiachiwa mfululizo hupiga kwa kasi ya risasi 600 hivi kwa dakika, yaani kumi kwa sekunde. Magazini ya 30 inakwisha kwa sekunde tatu. Yule jambazi wa hadithi aliyemimina risasi kuanzia sheli hadi kituo cha daladala bila kubadili magazini, alikuwa na magazini ya ajabu.

Na tukiwa kwenye magazini: si kitu kimoja na klipu. Klipu ni kibanio tu cha bati kinachoshika risasi pamoja ili uzisukume ndani kwa mara moja. SAR hulishwa hivyo, risasi kumi, kwa sababu magazini yake imefungwa kwenye mwili wa bunduki. Magazini ndiyo yenye springi na ndiyo inayozipandisha risasi.

"Bastola ni bastola tu"

Ziko za nasaba mbili. Revolva ina silinda inayozunguka, kwa kawaida ya matundu sita, na kila tundu ni chemba. Samuel Colt alipata hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, ya revolva yake Marekani mwaka 1836. Nyingine ni ya magazini ndani ya kishikio, ambayo sehemu yake ya juu hurudi nyuma kila inapolia. Hiyo watu huiita "otomatiki", lakini karibu zote ni nusu otomatiki: vuta moja, risasi moja.

Tofauti hii ina faida kwa msomaji wa gazeti. Revolva haitemi maganda. Yanabaki kwenye silinda mpaka mtu ayatoe. Bastola ya magazini huyarusha pembeni. Kwa hiyo "maganda matano yameokotwa eneo la tukio" ni sentensi inayosema jambo juu ya mtambo uliotumika, na kukosekana kwa maganda nako kunasema, ingawa mtu anaweza pia kuyaokota akaondoka nayo.

Halafu hiyo "aina ya Browning". Browning ni jina la mtu, John Browning wa Marekani, aliyefariki mwaka 1926. Alisanifu bastola kadhaa, shotigani za pampu, hata bombomu, ile bunduki kubwa ya kumimina risasi mfululizo. Bastola maarufu yenye jina lake, ile ya risasi 13, ilikamilishwa Ubelgiji na Dieudonné Saive baada ya yeye kufa, ikatoka mwaka 1935. Kusema "bastola aina ya Browning" ukaishia hapo ni sawa na kusema gari aina ya Toyota: je, ni kirikuu au ni Land Cruiser?

"Gobore ni la makumbusho"

Kiswahili kina maneno mengi ya bunduki kuliko tunavyokumbuka, na mengi yamelala kwenye gobore. Gobore hujazwa kwa mdomo wa mtutu: baruti kwanza, kisha kizibo, kisha gololi au vipande vya chuma, kisha unashindilia kwa mdeki. Mlipuko unaanzishwa na fataki, kikofia kidogo kinachopigwa na nyundo. Kabla ya fataki kulikuwa na gumegume, bunduki iliyowashwa kwa cheche ya jiwe. Leo gumegume tunamwita mwanamume asiyekuwa na faida nyumbani, na sijui wangapi wanaolitamka wakiwa na bunduki akilini.

Kwenye swali la mzee, gobore ndilo jibu la kwanza kabisa: mkono unafanya kila kitu. Ni polepole, lakini si la kuchezea. Kwa karibu linaua, na lile lililofuliwa kwa bomba la maji linaweza kupasukia uso wa mpigaji. Wanaodhani halihitaji kibali pia wajue kwamba Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimwachi mtu amiliki silaha ya moto bila leseni, iwe mpya au ya babu.

Hatua iliyofuata gobore ni komeo. Neno lenyewe linajieleza: kipande cha chuma unachokivuta na kukisukuma kama komeo la mlango. Unavuta, ganda linatoka. Unasukuma, risasi inaingia na chemba inafungwa. Bado ni mkono. Sanamu ya Askari pale Posta, iliyozinduliwa mwaka 1927 na ambayo singe yake imeelekea bandarini, ni ya kumbukumbu ya Vita Kuu ya Kwanza, iliyopiganwa kwa bunduki za namna hiyo. Lee-Enfield ya Waingereza ilibeba risasi kumi. Upande wa pili, askari wengi wa Wajerumani walianza vita hiyo mwaka 1914 na Mauser ya mwaka 1871, ambayo ilipakiwa risasi moja moja na kutoa moshi mzito uliomwanika aliyepiga.

"Bunduki yenye kiwambo haisikiki"

Hii tuliifundishwa na vibanda umiza: jamaa anafunga kiwambo, kile cha kupunguza mlio, kwenye mdomo wa bastola, inasikika "pyu", na mlinzi wa chumba cha pili anaendelea kula. Ukweli ni kwamba mlio wa bunduki hufika desibeli 160 hivi, na kiwambo hupunguza kama 20 hadi 35. Kinachobaki bado ni kishindo. Tena risasi inayokwenda kasi kuliko sauti, yaani zaidi ya mita 340 kwa sekunde, hupasua hewa kwa mlio wake yenyewe, na kiwambo hakina la kufanya risasi ikishatoka.

Kichekesho cha historia ni kwamba kiwambo kilipewa hataza mwaka 1909 kwa jina la Hiram Percy Maxim, mtoto wa Hiram Maxim aliyebuni bombomu mwaka 1884. Baba alileta kelele, mwana akauza ukimya. Bombomu la Maxim ndilo lililojibu swali la mzee kwa ukamilifu kwa mara ya kwanza: nguvu ya bunduki kurudi nyuma ikatumika kuipakia tena, ikaendelea hivyo kadiri kidole kinavyobaki pale. Wapiganaji wa Maji Maji walikutana nalo Mahenge mwezi Agosti 1905, wakiwa wameahidiwa kuwa risasi zitageuka maji. Sitaki kuwacheka. Mimi na simu yangu ya intaneti niliamini "pyu" hadi nina watoto.

"Risasi za moto zinaunguza"

Maneno ya haraka haraka. Risasi, kwa asili, ni jina la madini, ile metali nzito laini ya kwenye betri za magari. Tunaliita hivyohivyo lile tone linaloruka na pia mkusanyiko mzima wa ganda, baruti, kiwashio na tone. Wazee waliuita mkusanyiko huo kiasi, wingi viasi. Ni hasara tumeuacha. "Risasi za moto" ni risasi kamili tu, kinyume cha "risasi baridi" ambazo zina baruti bila tone. Baridi haimaanishi salama: kwa karibu, gesi na kizibo vinajeruhi, na vimeshaua. Na "risasi hewani" haipotelei mawinguni. Inarudi, polepole kuliko ilivyokwenda lakini kwa kasi inayoweza kutoboa fuvu, na inashuka popote, juu ya bati la mtu wa Tandale au kichwani kwake.

"Shotigani hailengwi"

Inasemwa kwamba shotigani inafagia mlango mzima. Mtutu wake ni laini ndani, tofauti na raifo ambayo ina mifereji inayoizungusha risasi isiyumbe, na ndani ya kiasi kimoja kuna gololi nyingi. Ni kweli zinatawanyika. Lakini kwa makadirio ya kawaida zinapanuka sentimita mbili na nusu hivi kwa kila mita. Umbali wa mita tano, yaani upana wa duka la kawaida la Kariakoo, zinaingia kwenye eneo la kiganja cha mtu mzima. Asiyelenga anakosa kama kawaida.

Namba nayo inapotosha. Watu hudhani namba 20 ni kubwa kuliko namba 12. Ni kinyume. Namba hiyo ni idadi ya gololi za risasi, zenye upana wa mtutu, zinazotimiza ratili moja. Zikitosha 12, kila moja ni kubwa, na mtutu una milimita 18.5. Zikitakiwa 20, ni ndogo, na mtutu una 15.6.

Ile ya pampu ndiyo utakayoiona zaidi mjini, mikononi mwa walinzi wa mabenki na maduka ya jumla. Mkono wa kushoto unavuta kishikio cha chini nyuma na kukirudisha mbele, ganda linaruka, jipya linaingia. Viasi vyake vimelala foleni ndani ya bomba chini ya mtutu, havionekani kwa nje. Na hata ukilimaliza bomba lote, kimoja kinaweza kuwa kimekaa chemba, kama ilivyo kwa bastola iliyochomolewa magazini.

Mwezi uliopita nilisimama foleni ya ATM, na mlinzi alikuwa ameegemeza viganja vyote viwili juu ya mdomo wa mtutu, kidevu juu ya viganja, kitako cha bunduki chini, anasinzia. Nikamwamsha kwa salamu.

"Haina kitu hii, kaka," akasema kabla sijauliza.

"Umeitazama saa ngapi?"

"Aliyenikabidhi zamu ndiye aliniambia."