Kazi ya Kikundi kwa Wanafunzi Wasioweza Kukutana

Ninawasaidia wahadhiri hapa Dar es Salaam kuandaa kozi za mtandaoni, na mara nyingi huulizwa ni programu gani ya mikutano ya video inayowafaa wanafunzi wa masafa. Jibu langu huwakera baadhi yao, kwani huwaambia kwamba katika kazi ya kikundi video ije mwisho. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na chenye makao makuu Kinondoni, kina vituo mikoani kwa sababu wengi wa wanafunzi wake wana ajira na familia: mwalimu aliyeko Kigoma na muuguzi wa zamu aliyeko Mtwara hawawezi kukutana saa mbili usiku, hata bando likiwepo.

Kundi la WhatsApp linafaa kwa kukumbushana, lakini hoja huzama chini ya salamu na pole, na mwishowe huzaliwa mafaili matano yanayoitwa "kazi ya mwisho kabisa".

Kinachowafaa zaidi ni waraka mmoja wa mtandaoni ambao kila mmoja huuandikia kwa wakati wake. Watu huogopa kwamba wawili wakiandika kwa pamoja watafutiana maandishi. Tuseme waraka una maneno "bei ya korosho ilishuka". Wa Kigoma anaweka "ghafi" baada ya alama ya 14, kila herufi na kila nafasi ikihesabiwa. Papo hapo wa Mtwara anatanguliza "mwaka jana" pamoja na nafasi yake, yaani alama 11. Mfumo hausafirishi waraka mzima, bali kila kitendo, kisha husogeza "ghafi" hadi baada ya alama ya 25, mahali pake panapostahili. Njia hii ilielezwa na Clarence Ellis na Simon Gibbs mwaka 1989. Wiki (yaani kurasa zinazohaririwa na wengi) ya Moodle, mfumo wa kozi za mtandaoni unaotumiwa na vyuo vingi, haifanyi hivyo. Humzuia wa pili hadi wa kwanza amalize, jambo ambalo kwa watu wanaoandika saa tofauti si kero kubwa.

Aina zote mbili hutunza historia ya mabadiliko, na mhadhiri huona nani aliandika nini. Hapo huwa ninawasihi wasigawe alama kwa kuhesabu maneno, maana aliyefuta aya mbili mbovu na kuunganisha hoja za wenzake anaweza kuonekana hajachangia kitu, ilhali bila yeye kazi isingesomeka.