Goti lililopasuliwa na hamu ya kuvaa gwanda

Vijana wetu wanaoishi Marekani, wenye ukaazi wa kudumu na nia ya kuingia jeshini, huniuliza mimi mtu wa fiziotherapia: "Nilifanyiwa upasuaji wa ACL, ile ligamenti ya ndani ya goti inayoshikilia mifupa, baada ya kuumia uwanjani. Ndiyo basi tena?" Si basi. Ila jibu liko kwenye paja zaidi kuliko kwenye kovu.

Mwongozo wa afya wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, namba 6130.03, unamzuia aliyetengenezwa ligamenti ya goti ndani ya miezi 12 iliyopita. Hata mwaka ukipita, unamzuia bado ikiwa goti linauma, linalegea, au paja ama shavu la mguu limenywea. Wengi hushika hiyo miezi 12, wakaacha hayo mengine.

Mwaka una sababu yake. Ligamenti iliyokatika kwa kawaida haishonwi tu. Daktari huchukua kipande cha kano, mara nyingi cha nyuma ya paja au cha chini ya pia ya goti, akakipachika mahali pake. Kipande hicho hudhoofika kwanza, kwenye miezi ile ya mwanzo, kabla mishipa ya damu haijakifikia vizuri. Hapo ndipo hatari ilipo: maumivu yameisha, uvimbe umeshuka, kijana anaona amepona, kumbe ndani bado kuna kazi.

Msuli wa mbele wa paja nao hulala baada ya upasuaji, na hauamki kwa kukimbia peke yake. Mimi huchukua futi ya fundi cherehani, nikapima sentimita 15 juu ya pia ya goti, mguu huu na huu. Tofauti inayoonekana kwa macho daktari wa jeshi naye ataiona. Kisha namwambia aruke kwa mguu mmoja mbele ya kioo. Goti likikimbilia ndani wakati wa kutua, hajawa tayari, hata kama amemaliza miezi 14. Nataka mguu uliopasuliwa ufikie walau asilimia 90 ya mwenzake, kwa nguvu na kwa umbali wa kuruka.

Kwenye MEPS, kituo cha uchunguzi wa wanaojiunga, utaambiwa utembee umechuchumaa kama bata. Usikutane na zoezi hilo kwa mara ya kwanza siku hiyo. Lianze taratibu mapema, mtu wako wa fiziotherapia akikuruhusu.

Na tafadhali, usifiche upasuaji. Tangu 2022 vituo hivyo vinatumia mfumo wa MHS Genesis, unaoweza kuvuta kumbukumbu zako za hospitali, na kusema uongo kwenye fomu ni kosa la kisheria. Nenda na ripoti ya upasuaji, majibu ya MRI na maelezo ya fiziotherapia. Ukikataliwa, tawi la jeshi unaloomba linaweza kukuombea ruhusa maalumu, na karatasi hizo ndizo watakazozisoma.